Bibi wa Mlangoni Apewe Likizo

Karakol,
Jumanne, asubuhi.

Kwa Vijana Watengenezaji wa mchezo wa kompyuta wa "Kizingiti cha Saba",
Ghorofa ya tatu, juu ya duka la mapazia,
Bishkek.

Vijana wangu waheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUMPA LIKIZO BIBI WA MLANGONI

Natumaini barua hii itawakuta wazima, nyinyi na mama zenu. Mama zenu nawataja mapema kwa sababu huko mbele huenda nikawahitaji.

Mimi naitwa Burulcha. Nilikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo hapa Karakol mpaka nilipostaafu, na nilikuwa kocha wa timu ya wasichana ya mpira wa wavu iliyoogopwa mpaka ng'ambo ya ziwa. Filimbi yangu ilipopotea niliendelea bila filimbi, kwa neno moja tu: Tokto! Nikilitamka, mtu husimama pale pale alipo, mguu mmoja hewani. Wasichana walisimama, mkuu wa shule alisimama, na siku moja sokoni hata mwizi wa kofia alisimama, na wala si yeye niliyekuwa namwita. Nawaeleza haya mjue kwamba anayewaandikia si mtu wa kulialia. Nimewafundisha watoto wa watu kushindwa kwa heshima. Mwenyewe sikupata nafasi ya kujifunza somo hilo, kwa sababu sikuwahi kushindwa mpaka nilipokutana na Bibi wenu wa Mlangoni.

Mambo yalianza hivi. Binti yangu Jazgul amejifungua mtoto wa kike, mzima, mnene, ana kidevu cha mama yangu. Mimi nataka aitwe Anarkul, jina la marehemu mama yangu. Kalbubu, mama mzazi wa mkwe wangu Tilek, anataka aitwe Adelina, jina alilolitoa kwenye tamthilia ya televisheni. Nilimwambia kwa upole kwamba Adelina ni jina la dawa ya kikohozi. Naye akaniambia, kwa upole vilevile, kwamba Anarkul ni jina la mtu aliyezaliwa meno yameshang'oka. Kalbubu ni daktari wa meno mstaafu, hawezi kumtukana mtu bila kumpitia mdomoni.

Tulibishana juu ya beseni la mtoto mpaka maji yakapoa. Ndipo Tilek, ambaye amecheza mchezo wenu tangu kabla hajaoa na hajawahi kumpita huyo Bibi hata siku moja, akasema bila kuinua macho: "Mama zangu, atakayempita Bibi wa Mlangoni ndiye ampe mtoto jina." Alikuwa anatania. Alidhani tutacheka, tutakunywa chai, yataisha. Maskini, hawajui mama zake. Kufika jioni Kalbubu alishanunua televisheni mpya, na mimi nilishampokonya Tilek kompyuta yake pamoja na rimoti ya kuchezea.

Mtoto akitimiza arobaini ataogeshwa kwa vijiko arobaini vya maji, kama mlivyoogeshwa nyinyi, na majirani wote watauliza anaitwa nani. Arobaini yake ni Jumapili hii. Mpaka ninapoandika hana jina. Mtaa mzima unamwita Yule. "Yule kalala?" "Yule kanyonya?" Mjukuu wangu mimi!

Basi, malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Shujaa hana farasi. Mchezo unaanza farasi wake ameshapotea, na kijana wa watu anatembea kwa miguu kutoka kisimani mpaka mlimani, upanga begani, kama mtu aliyeachwa na basi. Mkirgizi huyo! Babu yangu alipanda farasi kwenda chooni. Nimemtafuta mnyama huyo kila pembe sijamwona. Kama mmemuuza, semeni.

2. Shujaa ni bapa. Anajua kulia na kushoto, juu na chini, basi, kama picha iliyobandikwa ukutani ikaota miguu. Akikuta shimo anaruka. Akikuta ukuta anaruka. Akikuta nyoka wa moto amekaa mlangoni, haimwingii akilini kwamba nyumba zina upande wa nyuma. Nimemwambia azunguke. Nimemwonyesha na kwa kidole, kwenye kioo, mpaka kioo kikaingia alama. Tilek ananieleza kwamba dunia ile haina nyuma. Sawa, mimi nauliza swali dogo tu: huyo nyoka alipita wapi kuingia?

3. Shujaa hana adabu. Anaingia majumbani mwa watu bila salamu. Anakanyaga kizingiti kwa kisigino, jambo ambalo hata mbwa wa kwetu halifanyi. Anapanda juu ya meza na buti zake, na anavunja vyungu vya wenyewe ili ale tufaha lililomo ndani. Mwanzoni nilikataa kabisa kuvunja chungu cha mtu. Nikafa kwa njaa kwenye kizingiti cha pili, mikono yangu misafi.

4. Kutangaziwa kifo. Kila shujaa akianguka, kioo kinakuwa cheusi na kuandika: UMEKUFA. Kwa kijana hilo ni neno la mchezo. Mtu wa umri wangu analisoma kama taarifa. Baya zaidi, mimi ni mtu wa kusema ninachokisoma, na sauti yangu mnaijua sasa. Jirani yangu Nurbubu, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja, alinisikia nikilia, "Nimekufa! Jamani, nimekufa tena!" Hakugonga mlango kuuliza. Alivaa kitambaa cheusi, akakusanya wanawake wa ngazi zote za jengo letu, wakaja wakiomboleza tangu chini, na mmoja alishanitungia wimbo wa kunisifu. Nilipofungua mlango na rimoti mkononi hawakufurahi hata kidogo. Walishakuja, walishavaa, ikabidi niwakaangie maandazi na kuwapikia nyama kama vile msiba upo. Nurbubu alikula akiniangalia kwa lawama. Wimbo niliusikiliza mpaka mwisho, na naomba nikiri kwamba ulikuwa mzuri.

5. Lalamiko la tano nimelifuta. Nililisoma tena nikaona ni matusi.

6. Bibi wa Mlangoni mwenyewe. Hapa, vijana wangu, naomba mkae vizuri.

Shujaa anaingia nyumbani kwa Bibi huyu kumtafuta mtoto aliyeibwa. Anampata ndani ya sanduku la nguo, anambeba mgongoni, na kilichobaki ni kutoka tu. Mlangoni amesimama Bibi. Kitambaa cheupe kichwani, mgongo umepinda kidogo, na kwenye vidole makucha ya shaba marefu kama vijiko. Hasemi neno. Ananyoosha mkono, na mkononi ana mkate wa duara wa tanuri, mzuri, umetobolewa katikati kwa nakshi kama aliokuwa akioka mama yangu. Kisha mkate huo unaondoka mkononi mwake na kuanza kunifuata.

Nimeuruka. Nimeinama chini yake. Nimeukimbia mpaka mwisho wa chumba, ambako nyumba yenu inaishia ghafla kama mazungumzo ya watu walionuniana. Nimeupiga kwa upanga, Mungu anisamehe, mimi ambaye mtu akiugeuza mkate kifudifudi mezani kwangu hanywi chai ya pili. Nao ukikwepwa, au ukipigwa, Bibi anakunja uso, anatoa yale makucha, na hapo ndipo UMEKUFA. Mkate wenyewe ukimfikia mtu unafanya nini sijui, sijawahi kuupa nafasi hiyo. Nimemwambia Bibi "Tokto!" kwa sauti iliyosimamisha mji huu, mpaka Nurbubu kule ng'ambo ya ukuta akaangusha sufuria. Bibi wenu hakusimama.

Mnawafundisha nini watoto? Kwamba mkate ni silaha? Kwamba mwenye nyumba akikunyooshea mkono, kimbia? Nasema hivi nikiwa nimetulia.

7. Mchezo unapendelea madaktari wa meno. Kalbubu ametumia maisha yake yote akishika vyuma vidogo kwenye nafasi finyu huku mtu akipiga kelele. Mchezo wenu kwake ni kazini tu. Mkono wake hautetemeki. Mimi nilizoea mpira mkubwa na uwanja wenye hewa. Yeye anaishi upande wa ngazi ya pili katika jengo letu hilihili, ambalo limepinda kuzunguka uwanja, na dirisha lake linatazama langu, kwa hiyo kila akifika kwa Bibi anafungua pazia ili nione mwanga unavyobadilika. Juzi alimtuma Jazgul aniletee bakuli la tambi baridi za siki na ujumbe: "Mwambie mkwe mwenzangu ale, mtu aliyekufa mara nyingi hivyo anahitaji chumvi." Nilikula zote. Zilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniuma.

Sasa uwanja wote umegawanyika. Mzee wa gereji yuko upande wa Anarkul. Wanawake wa saluni wako upande wa Adelina. Muuza maziwa ya farasi anatuambia sote wawili kwamba yuko upande wetu, na anatuuzia sote wawili.

8. Lalamiko la mwisho si la kuchekesha. Jana Jazgul alikuja kunipaka rangi kwenye kucha kwa ajili ya sherehe, akapaka rangi ya shaba maana ndiyo aliyokuwa nayo. Alipokuwa akipuliza ikauke, alisema taratibu, "Mama, juzi zahanati waliniuliza kwa Kirusi mtoto anaitwa nani. Nikanyamaza. Wakadhani sijui Kirusi." Hakulalamika zaidi ya hapo. Afadhali angelalamika.

Basi nawaambia ukweli wangu wote. Ninaogopa. Mama yangu Anarkul alifariki akiwa ametulisha sote, na jina lake sasa hivi haliitwi na mtu yeyote duniani. Hakuna anayesimama mlangoni akasema "Anarkul, njoo ule." Nimezeeka, nami nikiondoka litaondoka nami. Nataka lilie usiku, lichafue nguo, liitwe na kukemewa. Na kati yangu na jambo hilo amesimama mwanamke wa kuchorwa, mwenye mkate.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo. Bibi wa Mlangoni apewe likizo kuanzia leo mpaka Jumapili jioni, kwa malipo kamili, sina chuki naye. Kama hana nafasi ya likizo, apunguzwe nguvu kwa watu waliokwisha kustaafu. Kama hilo nalo ni gumu, basi abaki na nguvu zake na aongezewe nyingine, lakini kwenye televisheni ya Kalbubu peke yake. Naambiwa siku hizi mnaweza kufanya mambo kupitia waya. Na farasi arudishwe.

Msiponisikia, wasichana wangu wa mpira wa wavu wapo. Ni bibi sasa, wana magoti ya kubadilishwa, lakini bado nikisema panda wanapanda. Tutapanda basi la Bishkek, tutapanda mpaka ghorofa ya tatu juu ya mapazia, na tutakaa hapo tukinywa chai yenu mpaka mama zenu waitwe. Siku za mwizi ni arobaini, na za farasi aliyeibwa pia.

Nawasalimu nyote kwa majina msiyonipa: uliyechora milima, naomba nikupongeze, ni milima kweli, uliyetunga muziki wa kisimani, nauimba nikikanda unga. Msalimieni muuza mapazia. Jazgul anawasalimu. Tilek anawasalimu na anauliza kama kuna mbinu, msimjibu. Yule anawasalimu pia, amelala.

Wenu katika kusubiri haki,
Burulcha, mwalimu mstaafu.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha. Ilibidi niifungue kwa mvuke wa birika, ndiyo maana karatasi imejikunja.

Kalbubu alikuja asubuhi hiihii kuazima chujio langu kwa ajili ya Jumapili. Nilimwekea chai na mkate kama inavyopasa. Hatukufika kikombe cha pili. Alisema Adelina, nikasema dawa ya kikohozi, akasema meno, nikasema mambo ya mwanawe ambayo nisingeyasema. Akasimama, akachukua kitambaa chake, akaenda zake bila chujio na bila kugusa mkate.

Vijana wangu, nilikuwa na hasira ya kuweza kuvunja ukuta. Lakini mtu kutoka nyumbani kwangu bila kuonja mkate? Hajawahi. Mkaguzi wa umeme aliyekuja kunikatia alionja. Mama yangu alimkimbilia mtoza kodi na mkate mpaka barabarani. Nikaushika, nikashuka ngazi na ndala zangu, mkono nimeunyoosha mbele, nikapaza sauti:

"Tokto, Kalbubu! Onja mkate kwanza, utanichukia baadaye!"

Akaongeza mwendo. Nami nikaongeza. Akakata kona kwenye ngazi, nami na mkate wangu tukakata kona. Kufika chini kwenye masanduku ya barua alisimama ghafla, akageuka, akautazama mkate. Akatazama kitambaa changu cheupe. Akatazama kucha zangu za shaba. Uso wake ukabadilika kabisa.

"Burulcha," akasema. "Bibi wa Mlangoni ni wewe."

Nilitaka nimjibu vibaya, nikauona mkono wangu mwenyewe, bado umenyooka na mkate. Nyani haoni kundule. Siku zote hizo tumeingia nyumbani kwa mwanamke, tumemvunjia vyungu, tumempandia meza na buti, tumebeba mtoto na kuelekea mlangoni kama wezi, na yeye hakutaka kitu ila tuonje mkate wake kabla ya kuondoka. Kalbubu akamega kipande, akakitafuna taratibu, upande wa kulia, kama anavyowashauri wagonjwa wake. Kisha tukapanda ngazi mbio. Nurbubu alifungua mlango, akatuona, akachukua kitambaa cheusi.

Nilishika rimoti mimi, na Kalbubu akanishika kiganja kwa ule mkono wake usiotetemeka, maana vidole vyangu vilikuwa vinataka upanga wenyewe. Bibi akanyoosha mkono. Mkate ukaja. Shujaa akasimama tu, wima, mtoto mgongoni, na mkate ukafika mdomoni pake taratibu. Bibi akakunja makucha yake, akasogea pembeni, akafungua mlango. Nje, kwenye nguzo, alikuwa amefungwa farasi. Ametunzwa, amenenepa. Nimelia, siwafichi, na Kalbubu amelia, ingawa atawaambia ni kitunguu.

Kisha kioo kikauliza: MTOTO AITWE NANI? Na chini yake nafasi tano.

Tano! Mlikuwa mnafikiria nini? Niliandika jina la mama yangu, likaishia ANARK. Kalbubu akasema, "Anark. Dawa ya panya." Akaandika lake, likaishia ADELI, nami nikamwambia kikohozi kimeponea njiani. Tulicheka mpaka nikakaa sakafuni. Hata hatukukumbuka kubishana nani ameshinda. Tukiwa bado tunafuta machozi, Kalbubu akaanza kuandika tena, herufi moja moja, bila kuniuliza: T, O, K, T, O.

Akasema, "Uliniita hivyo kwenye ngazi. Na mimi nikasimama."

Wenyewe mnajua jina hilo. Zamani wazee walimpa mtoto waliyemwomba asiende, abaki nao. Nilitaka jina la mama yangu lisiondoke duniani, na sikujua kwamba nimekuwa nikilikimbiza na mkate kwenye ngazi maisha yangu yote. Jina lake lipo. Liko mikononi mwangu kila mgeni akivaa viatu aondoke. Mtoto ataliita mwenyewe siku akiuliza nani alitufundisha hivi. Nilikubali hapo hapo, nikiwa bado sakafuni.

Jazgul alipoambiwa alimnyanyua mwanawe, akamwita polepole, "Tokto." Mtoto akapiga chafya. Jazgul akasema basi, amekubali, na alicheka vile alivyokuwa akicheka kabla hatujaanza ujinga wetu.

Kwa hiyo malalamiko yote nayafuta, lile la tano nimeshalifuta. Likizo ya Bibi isitishwe. Asipunguzwe nguvu hata chembe, si kwa wastaafu, si kwa wagonjwa, si kwa mtu yeyote, na hasa si kwa Tilek, ambaye amekaa hapa pembeni yangu anatuomba siri kama mtoto anayeomba peremende. Mama yake amemwambia aende akajifunze adabu.

Jumapili njooni kwenye arobaini. Ngazi ya kwanza, mtaulizia kwa Burulcha, au kwa Bibi, wote wameshaanza kuniita hivyo. Mtakula, mtaimba, mtamwagia Tokto kila mmoja kijiko chake cha maji. Mkitaka kuondoka mtaondoka salama. Nitakuwa mlangoni.